NAT na laini ya akiba kwenye rauta ya WiFi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetunza mtandao wa duka, shule, zahanati au ofisi ndogo, mahali ambapo intaneti ikikatika kazi inasimama. NAT ni kazi ya rauta ya kubadilisha anwani za vifaa vya ndani kuwa anwani ya nje, na laini ya akiba ni intaneti ya pili inayoshika ile kuu ikifa. Mifano yote ni ya MikroTik hAP ac² yenye mfumo wa RouterOS 7, kwa sababu ndiyo rauta ninayoikuta mara nyingi nikiitwa. Kimantiki rauta nyingine hazitofautiani, ila majina ya vitufe hubadilika.

Mpangilio wetu ni huu. Boksi la faiba la mtoa huduma limechomekwa ether1 na anwani yake ni 192.168.1.1. Boksi la 4G lenye laini ya simu limechomekwa ether2, na anwani yake ni 192.168.8.1. Wateja wa WiFi wako kwenye 192.168.88.0/24, ambao ndio mtandao wa kawaida wa MikroTik inapotoka kiwandani. Kabla hujagusa chochote, bonyeza Safe Mode kwenye WinBox, programu ya kompyuta ya kuipangia MikroTik; amri zinazoanza na / huandikwa kwenye Terminal yake. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya, rauta itarudisha yenyewe ulichobadilisha.

Kifaa changu kimeandikwa aksesi pointi. NAT naiweka hapo?

Inategemea kipo wapi. Kama kuna rauta nyingine mbele yake inayogawa anwani na wewe unataka WiFi ifike chumba cha nyuma tu, usiweke NAT. Weka intafesi zote (matundu ya waya na redio za WiFi) kwenye daraja moja, yaani ziwe mtandao mmoja, zima DHCP sava yake inayogawa anwani, acha rauta ya mbele ifanye kazi. NAT inakaa kwenye kifaa kile kinachopokea laini za nje. Laini ya akiba nayo inakaa hapohapo, maana kifaa kisichoona laini zote mbili hakiwezi kuchagua kati yake.

NAT inafanya nini hasa?

Anwani za IPv4 zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi takriban bilioni 4.3. Hesabu hiyo iliwatia watu hofu mapema, na mwaka 1994 waraka wa RFC 1631 ukaeleza namna mtandao mzima unavyoweza kutoka nje kwa kuazima anwani chache. Mwaka 1996 RFC 1918 ikatenga mafungu matatu ya matumizi ya ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Ndiyo sababu 192.168.88.10 ipo dukani kwako na ipo pia kwa jirani, na hakuna anayegongana na mwenzake.

Ofisi nyingi zetu zina Sanduku la Posta moja. Barua za wafanyakazi wote hutoka na S.L.P. ileile, na karani ndiye anayejua jibu lililorudi ni la nani. Rauta ina jedwali la miunganisho linalofanya kazi ya karani huyo: kila pakiti inayotoka hubadilishwa anwani na, ikibidi, namba ya poti (inayotambulisha programu husika), kisha kumbukumbu ikaandikwa ili jibu likirudi lifikishwe kwa simu au kompyuta iliyouliza. Shika hilo jedwali akilini, maana matatizo mengi ya laini ya akiba yanatokea humo.

Nitumie masquerade au src-nat?

Kama anwani ya nje unapewa kwa DHCP au PPPoE (kuingia kwa jina na nenosiri la mtoa huduma), au unatumia laini ya simu, tumia masquerade. Yenyewe huangalia intafesi ina anwani gani kwa wakati huo na kuitumia. Ukiwa umenunua anwani ya kudumu isiyobadilika, src-nat, ambayo unaiandikia anwani hiyo mwenyewe, ni sahihi zaidi na haiipi rauta kazi ya ziada. Kwa wengi wanaosoma hapa, ni masquerade.

Nimechomeka laini ya pili, rauta yenyewe inafika intaneti, ila wateja hawapati kitu. Kwa nini?

Hili naliulizwa kuliko maswali yote, na karibu kila mara jibu ni moja: NAT haijui kuhusu laini hiyo. Mafundi wengi huandika kanuni ya NAT kwa jina la intafesi moja, yaani out-interface=ether1. Faiba ikifa, pakiti za wateja zinatoka kupitia ether2 zikiwa bado na anwani za 192.168.88.x. Boksi la 4G halina njia ya kurudisha majibu huko, linazitupa. Rauta yenyewe inafika nje kwa sababu ina anwani yake halali kwenye ether2, na hapo ndipo fundi anapochanganyikiwa: pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu) ya kwenye rauta inaenda, ya kwenye simu haiendi.

Dawa ni kuandika kanuni kwa orodha ya intafesi, hapa WAN, yaani laini za nje. Mipangilio ya kiwandani ya MikroTik tayari inafanya hivyo:

/ip firewall nat add chain=srcnat out-interface-list=WAN action=masquerade

Ukiikuta ipo, usiongeze nyingine. Toa ether2 kwenye daraja la ndani, kisha iingize kwenye orodha ya WAN:

/interface bridge port remove [find interface=ether2]
/interface list member add list=WAN interface=ether2
/ip dhcp-client add interface=ether2 default-route-distance=10 use-peer-dns=no

Usiuruke mstari wa kwanza. Ether2 ikibaki ndani ya daraja, boksi la 4G litaanza kugawa anwani kwa wateja wako moja kwa moja, na utakuwa na DHCP sava mbili zinazoshindana kwenye mtandao mmoja. Leo simu inapata intaneti, kesho haipati, na hakuna anayejua sababu.

Orodha ya WAN ina faida nyingine. Fayawoli ya kiwandani huzuia kila kinachotoka nje kwenda ndani kwa kutumia orodha hizohizo, hivyo laini mpya inapata ulinzi siku ileile unapoiingiza.

Rauta inajuaje laini ipi ni kuu na ipi ni ya akiba?

Kwa namba ya distance. Njia mbili zikielekea 0.0.0.0/0, yaani intaneti yote, yenye namba ndogo ndiyo inayotumika, nyingine inasubiri. Faiba ipe 1, 4G ipe 10. Namba zenyewe hazina uzito wowote zaidi ya ipi ni ndogo. Naacha nafasi katikati ili siku ukiongeza laini ya tatu usilazimike kupanga upya.

Faiba imekufa, taa ya ether1 inawaka, na rauta haihamii 4G. Nini kimetokea?

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu hapa ndipo laini nyingi za akiba zinapobainika kuwa ni pambo.

Njia huondoka yenyewe pale intafesi inapozimika. Ukichomoa waya wa ether1, rauta itahamia 4G mara moja, na fundi anayejaribu hivyo huondoka ameridhika. Lakini faiba haifi kwa namna hiyo. Inakatwa barabarani na mtu anayechimba mtaro, au mtoa huduma anapata hitilafu kwake. Boksi la faiba ukutani bado lina umeme, waya kati yake na rauta ni mzima, anwani 192.168.1.1 inajibu vizuri. Kwa upande wa rauta hakuna kilichoharibika, basi inaendelea kutuma kila kitu kwenye laini iliyokufa.

Wengine huongeza check-gateway=ping kwenye njia ya faiba wakidhani wamemaliza. Kipimo hicho hupiga pingi kwa lango (kifaa kinachofuata njiani) kila sekunde 10, na lango likikosa kujibu mara mbili mfululizo njia inaondolewa. Lakini lango ni nani? Ni lile boksi la ukutani, ambalo linajibu hata faiba ikiwa imekatika vipande viwili.

Unatakiwa upime kitu kilicho mbali, nje ya mtoa huduma wako, na upime kwa kupitia faiba peke yake. RouterOS inaruhusu kutaja anwani ya mbali kama lango, mradi kuna njia inayoonyesha jinsi ya kuifikia:

/ip dhcp-client set [find interface=ether1] add-default-route=no use-peer-dns=no
/ip route add dst-address=208.67.222.222/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=208.67.222.222 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping

Mstari wa kwanza unaizuia DHCP isiweke njia yake yenyewe. Wa pili unasema 208.67.222.222, ambayo ni sava ya OpenDNS, huduma ya DNS (kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani), ifikiwe kwa faiba tu. Wa tatu unasema intaneti yote ipite huko maadamu sava hiyo inajibu. Faiba ikikatwa popote pale, iwe mlangoni kwako au kwenye mitambo ya mtoa huduma, pingi zinakosa majibu, njia inaondoka, na 4G yenye distance=10 inashika baada ya sekunde 20 hivi. Faiba ikirudi, pingi zinajibiwa, na njia ya faiba inarudi yenyewe.

Ongeza na kipimo cha pili chenye 208.67.220.220, nacho kupitia 192.168.1.1, na njia yake ipewe distance=2. Hapo duka zima halitahamia kwenye bando la simu kwa sababu tu sava moja ilipumzika.

Zingatia: target-scope=11, inayoruhusu lango la mbali kufikiwa kupitia njia nyingine, inahitajika kwenye RouterOS 7. Maelekezo ya toleo la 6 yaliyosambaa mtandaoni hayana namba hiyo, na ukiyanakili yalivyo njia inaweza kukataa kuamka.

Kwa nini usipime kwa 8.8.8.8 kama wanavyofanya wengi?

Kwa sababu watu wanaitumia. Ukishaandika kwamba 8.8.8.8 ipite faiba tu, amri hiyo inabaki hata faiba ikifa. Kinachoondoka ni njia kuu peke yake. Kila kompyuta au simu iliyowekewa DNS ya 8.8.8.8 kwa mkono itaendelea kuuliza majina ya tovuti kwenye laini iliyokufa. Rauta imehamia 4G, pingi ya 1.1.1.1 inaenda, na bado hakuna ukurasa unaofunguka. Nimeona watu wakibadilisha boksi la 4G kwa tatizo hili.

Pima kwa anwani ambayo wateja wako hawaitumii, na DNS ya rauta iwe nyingine kabisa:

/ip dns set servers=1.1.1.1,9.9.9.9

Ndiyo maana pia niliandika use-peer-dns=no kwenye laini zote mbili. DNS ya mtoa huduma mmoja mara nyingi haijibu maswali yanayotoka kwa mtandao wa mwenzake.

Laini imehama vizuri, tovuti zinafunguka, lakini simu za mezani za intaneti zimekufa. Kwa nini?

Rudi kwenye lile jedwali. Muunganisho ulioanza faiba ikiwa hai uliandikwa kwa anwani ya ether1, na utabaki hivyo mpaka ufe. Kivinjari huanzisha miunganisho mipya kila dakika, kwa hiyo husahau haraka. Simu ya mezani ya intaneti (SIP) haifanyi hivyo. Inatuma salamu fupi kwa sava yake mara kwa mara ili isisahaulike, na kila salamu inaongeza uhai wa kumbukumbu ya zamani. Pakiti sasa zinatoka ether2 zikiwa na anwani ya ether1, na hazipati jibu.

Intafesi ikizimika kabisa, masquerade husafisha kumbukumbu zake yenyewe. Kwa kifo cha mbali kama tulichokieleza haisafishi, sababu ether1 bado iko hai. Iambie kwa Netwatch, chombo cha rauta kinachochunga kama anwani inajibu:

/tool netwatch add host=208.67.222.222 interval=10s down-script=":delay 30s; /ip firewall connection remove [find protocol=udp]" up-script=":delay 30s; /ip firewall connection remove [find protocol=udp]"

Ile delay ni ya lazima. Netwatch inaweza kuwahi kabla njia haijahama. Ukisafisha mapema, simu itajiandika upya kwenye laini ileile iliyokufa.

Kuhusu simu za WhatsApp: iliyokuwa hewani wakati wa kuhama itakwama kidogo au itakatika. Hakuna mpangilio wa NAT utakaoizuia, kwa sababu anwani ya nje imebadilika.

Naweza kutumia hotspoti ya simu yangu badala ya boksi la 4G?

Unaweza. hAP ac² ina redio mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Moja unaiweka iwe station, yaani iungane na hotspoti kama kifaa cha kawaida, unaitoa kwenye daraja, unaiingiza kwenye orodha ya WAN na kuipa DHCP client, sawasawa na ether2. Hotspoti ya iPhone hutoa anwani za 172.20.10.x, kwa hiyo haigongani na mtandao wako wa ndani.

Angalia gharama yake. Ukiichukua redio ya 2.4 GHz, vifaa vinavyoelewa 2.4 tu vinabaki bila WiFi, na hivyo ndivyo vilivyo printa nyingi za risiti, kamera za bei nafuu na simu za zamani. Na mwenye simu akitoka kwenda kula, laini ya akiba imeondoka naye. Kwa dharura ya siku moja sawa. Kwa biashara, nunua boksi.

Laini ya akiba italimaliza bando langu?

Ikiwa imesubiri tu, hapana. Kinachopita ni kidogo mno. Ikishika kazi, ndiyo, na kwa kasi, kwa sababu simu za wateja hazijui kwamba zimehamia kwenye bando la gigabaiti. Zinaendelea kupakua masasisho na kupandisha picha kama vile ziko kwenye faiba isiyo na kikomo.

Njia rahisi ni kuamua nani anastahili akiba. Kwenye duka ninaruhusu kompyuta ya keshia na mashine ya malipo tu, wageni wanasubiri faiba irudi. Mpe kila mmoja anwani ya kudumu kwenye DHCP sava, waingize kwenye orodha ya anwani iitwayo muhimu, kisha:

/ip firewall filter add chain=forward out-interface=ether2 src-address-list=!muhimu action=reject place-before=0

Ikae juu kama inavyoonekana hapo. Ikiwa chini ya kanuni ya fasttrack (njia ya mkato isiyopitia kanuni nyingine) haitagusa miunganisho iliyokwisha kukubaliwa. Kama kwenye ether2 una kifurushi kikubwa cha mwezi, achana na kanuni hii.

Nataka kuziona kamera nikiwa nyumbani. Nifungue poti?

Kwanza jua kama inawezekana. Fungua ukurasa wa boksi la faiba unaoonyesha anwani yake ya nje, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutaja IP yako. Zikitofautiana, au ukiona inayoanzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amekuweka nyuma ya NAT yake kubwa. Fungu hilo la 100.64.0.0/10 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Hapo hata ufungue poti zote, hakuna atakayekufikia. Laini nyingi za simu ziko hivi, na Starlink ya kawaida pia.

Kama una anwani halisi, kanuni ni hii:

/ip firewall nat add chain=dstnat in-interface-list=WAN protocol=tcp dst-port=8000 action=dst-nat to-addresses=192.168.88.50

Boksi la faiba nalo linatakiwa lielekeze poti hiyo kwenye rauta yako, maana hapo kuna NAT mbili zinazofuatana. Unaweza kumwomba mtoa huduma aliweke kwenye hali ya daraja ili ibaki moja.

Hata hivyo nakusihi usifanye hivyo kwa kamera. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR (mashine za kurekodi kamera) kwa wingi duniani kwa kujaribu tu nenosiri za kiwandani. MikroTik zenyewe zilishambuliwa sana mwaka 2018 kupitia poti ya WinBox, 8291, iliyokuwa imeachwa wazi kwa nje. RouterOS 7 ina WireGuard. Unaunganisha simu yako na rauta kwa njia iliyofungwa, unaziona kamera kana kwamba uko dukani, na hakuna poti ya DVR iliyoachwa wazi. Ukiwa nyuma ya NAT ya mtoa huduma, matoleo mapya ya RouterOS 7 yana Back To Home, inayopita kwenye sava za MikroTik pale njia ya moja kwa moja inapokosekana. hAP ac² inaikubali.

Si NAT inanilinda tayari?

Hapana. NAT inabadilisha anwani. Kuzuia ni kazi ya fayawoli. Ukifuta kanuni za fayawoli za kiwandani kwa sababu zinakusumbua kwenye majaribio, umeiacha rauta yenyewe wazi kwa dunia, NAT ikiwepo au isiwepo.

Nikichukua faiba mbili za kampuni mbili, si nimemaliza?

Uliza zinapita wapi. Kampuni mbili zinaweza kutumia nguzo zilezile mtaani kwako, na gari moja likigonga nguzo moja zote zinaondoka. Hata mbali zaidi ni hivyohivyo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika zote mbili kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa wakati mmoja. Waliokuwa na 4G ya akiba nao waliumia, kwa sababu mnara wa simu unapata intaneti yake kwenye kebo hizohizo. Kwa duka, faiba na 4G vinatosha. Kwa hospitali au benki, njia ya pili iwe ya aina tofauti kabisa, na umwulize mtoa huduma kwa maandishi anatumia kebo gani.

Umeme nao ni sehemu ya hesabu hii. Weka UPS ndogo inayobeba rauta na boksi la 4G kwa pamoja. Nyingi ninazozikuta zimebeba rauta tu.

Naweza kutumia laini zote mbili kwa wakati mmoja badala ya moja kusubiri?

Ndiyo, kwa kugawa miunganisho kwa PCC (kanuni inayozigawia laini miunganisho) na majedwali mawili ya njia. Anza na akiba, iache ifanye kazi kwanza. Tovuti za benki hukutoa nje zikiona anwani yako inabadilikabadilika, na kulitatua hilo kunadai muda.

Nijaribuje kuhakikisha akiba inafanya kazi?

Usichomoe ether1. Chomoa waya wa faiba nyuma ya boksi la mtoa huduma, ule mwembamba wenye kichwa cha kijani au bluu, taratibu na bila kuukunja, huku boksi likibaki na umeme. Usiguse ncha yake kwa kidole, na uifunike kwa kifuniko chake. Kwenye kompyuta ya keshia acha pingi ya 1.1.1.1 ikiendelea, uhesabu sekunde hadi irudi. Ikizidi nusu dakika, angalia njia zako kwenye /ip route print: ile ya distance=1 inatakiwa isiwe na herufi A.

Kisha fungua tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo, ili ujue DNS nayo imehama. Fanya malipo madogo ya kweli kwenye mashine. Piga simu ya SIP kama unayo. Rudisha waya, usubiri, na uhakikishe kila kitu kimerudi faiba, maana akiba isiyojua kurudi italila bando usiku kucha. Likienda sawa, andika /export file=akiba-nzuri, upakue faili hilo na kulihifadhi nje ya rauta. Rudia zoezi kila mwezi siku ya kununua bando, kwa kuwa boksi la 4G lililokwisha muda wa kifurushi linawaka taa zote kama kawaida.